Kubadilisha Injini Nyumbani Kwataka Subira

Je, msomaji, gari lako limeanza kutoa moshi wa samawati na kunywa oili kama maji? Aghalabu fundi atakwambia injini imechoka, itafutwe nyingine. Ukisikia bei ya gereji, huenda ukaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe uani, wanao wakikushikia tochi. Yawezekana, mradi usiwe na pupa.

Mwanzo wa yote ni ununuzi. Injini nyingi kuukuu zinazouzwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hutoka Japani. Usivutiwe na ung'aavu wake, kwani hata injini mbovu huoshwa. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia ndani. Izungushe kwa spana. Ikigoma kabisa, iache. Hakikisha ni ya aina ile ile uliyo nayo, mathalani 5A-FE ya sentimita 1,498 za ujazo ikiwa gari lako ni Toyota Corolla 110 yenye injini hiyo. Kisha dai risiti iliyoandikwa nambari ya injini. Rahisi ni ghali.

Siku ya kazi, iache injini ipoe, chomoa waya wa hasi wa betri, halafu kinga oili na maji ya rejeta katika vyombo. Kila waya na kila mpira ufunge kikaratasi chenye nambari, nazo bolti za kila sehemu ziwe na kopo lake. Wengi hukwama si kwa kukosa nguvu, bali kwa kutokumbuka waya huu ulitoka wapi.

Kisha huja kuinua. Hapa watoto waondoke, hata wa tochi. Injini ya gari dogo huweza kupita kilo 100, kwa hivyo usiithubutu kuining'iniza kwenye tawi la mwembe wala boriti ya paa. Kodisha winchi. Gari nalo lisimame juu ya stendi imara, kwani jeki ni ya kuinulia tu, si ya kutegemewa na mtu aliye chini. Wala asiwepo yeyote chini ya injini inayoning'inia.

Injini mpya ikiwa bado chini, badilisha mkanda wa taimingi na sili za oili. Ikishaingia ndani ya gari, kuzifikia ni taabu tupu.

Je, ikinguruma kazi imekwisha? La hasha! Nambari ya injini imo katika logibuku, na mabadiliko hayo sharti yafikishwe kwa NTSA ili gari likaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Ukipuuza, polisi wanaweza kulishuku gari lako kuwa la wizi, na siku ya kuliuza mnunuzi atakukimbia.

Basi, msomaji, ukianza Jumamosi usijilazimishe kumaliza Jumapili. Pale unapotatizika, mwite fundi. Kuuliza si ujinga.