Kasi ya Vimeng'enya na Vizuizi Vyake: Utangulizi

Mwaka 1913, Mjerumani Leonor Michaelis na daktari Maud Menten kutoka Kanada walichapisha kazi waliyoifanya Berlin juu ya kimeng'enya cha hamira kiitwacho invatesi. Kimeng'enya ni kichocheo: huharakisha mmenyuko, chenyewe kikabaki kilivyo. Hiki huvunja sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. Myeyusho wa sukari hugeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga kuelekea kulia, na sukari ikishavunjika mchanganyiko huugeuza kushoto, hivyo wawili hao waliisoma kasi ya mmenyuko kwa kutazama mwanga. Nawasihi wanafunzi waige nidhamu yao: walipima kasi ya mwanzoni kabisa, kabla sukari haijapungua na mazao hayajarundikana, kwa kuwa mazao yenyewe hukizuia kimeng'enya.

Walichokiona ni hiki. Sukari ikiwa kidogo, ukiiongeza maradufu kasi nayo hukaribia maradufu. Ikishakuwa nyingi, kuongeza hakusaidii kitu. Kinyozi mwenye kiti kimoja hanyoi haraka zaidi eti kwa sababu foleni imefika barabarani. Kikomo hicho cha kasi huitwa Vmax. Ukolezi wa malighafi (hapa sukari) unaoleta kasi ya nusu ya kikomo huitwa Km. Kwa kawaida Km ikiwa ndogo, kimeng'enya hufika nusu ya uwezo wake hata malighafi ikiwa haba.

Sasa tulete kizuizi, yaani kitu kinachopunguza kasi ya kimeng'enya. Kizuizi shindani hukaa mahali palepale pa malighafi. Malighafi ikizidishwa sana hukishinda, kwa hiyo Vmax haibadiliki ila Km huonekana kupanda. Kizuizi kisichoshindana hukaa pengine, na kwacho Vmax hushuka hata umwage malighafi kiasi gani. Huu ndio uzuri wa fani hii: kwa saa na vipimo vya ukolezi tu, unaweza kukisia kizuizi kimekaa wapi. Vipo pia vizuizi visivyoachia. Aspirini hujifunga moja kwa moja kwenye kimeng'enya cha chembe sahani za damu, na kwa kuwa chembe hizo hazina kiini cha kutengenezea kingine, athari hudumu hadi zife, siku kama 7 hadi 10.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni SP, dawa ambayo Tanzania Bara iliifanya tiba ya chaguo la kwanza ya malaria mwaka 2001. Mojawapo ya viambato vyake, pirimethamini, ni kizuizi shindani cha kimeng'enya ambacho kimelea cha malaria hukitegemea kutengeneza DNA. Hukishika cha kimelea kwa nguvu kuliko cha binadamu, na ndiyo maana mgonjwa huimeza salama. Kisha kimelea kikabadilika. Asidi amino moja ya kimeng'enya chake, ya 108, ikawa asparajini badala ya serini. Mabadiliko mengine, kama yale ya nafasi ya 51 na 59, yakafuata. Kila hatua ililegeza mshiko wa dawa, huku malighafi ya asili ikiendelea kupokelewa vya kutosha kimelea kiishi. Dawa mseto ikachukua nafasi ya SP kama tiba, na SP ikabaki kinga kwa wajawazito. Maabara huusoma ulegevu huo katika namba moja, Ki: kadiri inavyopanda, ndivyo dawa nyingi zaidi inavyohitajika kukizuia kimeng'enya kilekile.