Usaili wa kazi: Swali gumu ni bambo kwenye gunia

MFANYABIASHARA wa nafaka hanunui gunia kwa kulitazama nje. Huchukua bambo, akalichoma juu, katikati na chini, kisha akamimina punje kiganjani. Hutafuta mchanga, punje zilizooza na wadudu, halafu huweka punje moja mdomoni na kuing’ata asikie kama imekauka. Mkulima mwenye mahindi safi haudhiki akiona bambo. Anayeudhika ni yule aliyejaza pumba katikati.

Maswali magumu katika usaili wa kazi yana shughuli hiyohiyo. Mwajiri anataka kumkabidhi mtu asiyemfahamu funguo, fedha au mali za watu wengine. Vyeti na barua ya maombi vinamwonyesha gunia kwa nje tu, na swali gumu ndilo linalotoa punje za ndani. Hata hivyo, vijana wengi wanaotoka katika familia za wakulima na wachuuzi hulichukulia kama mtego, wakajibu kwa maneno waliyokariri au wakanyamaza, huku wakiwa na mengi ya kweli ya kusema.

Chukua mfano wa binti wa miaka 23 kutoka Nyanda za Juu Kusini. Ana cheti cha uhasibu, na chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) katika wilaya jirani kimemwita kwenye usaili wa nafasi ya mtunza ghala. Wazazi wake wameuza mbuzi wawili apate nauli na malipo ya kulala gesti usiku mmoja. Anaingia, anawaamkia wazee wa jopo, anaketi. Swali la kwanza linatoka kwa mwenyekiti wa bodi: “Binti, una uzoefu gani wa kazi hii?” Naye anajibu kwa sauti ya chini: “Sina uzoefu, mzee. Sijawahi kuajiriwa.”

Jibu hilo limegharimu mbuzi wawili, na kibaya zaidi si la kweli.

Uzoefu uliosahaulika nyumbani

Binti huyo amekuwa akishika mzani kila msimu tangu akiwa darasa la sita. Anaandika daftari la madeni ya genge la mama yake. Anajua ni nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hukwepa. Mwaka ambao dumuzi waliingia katika kihenge cha baba yake, ni yeye aliyechambua magunia, akatenga yaliyoharibika na kuchanganya dawa katika yaliyobaki. Hayo yote ni kazi ya mtunza ghala, isipokuwa hakuna aliyemlipa mshahara wala kumpa barua.

Mwajiri anapouliza uzoefu hataki kujua tu ni nani aliwahi kukulipa. Anataka kujua ni kazi gani mikono yako imekwisha kuifanya na ilikwendaje. Jibu zuri lina sehemu nne: lini na wapi, tatizo lilikuwa nini, msailiwa mwenyewe alifanya nini, na matokeo yalikuwa kiasi gani. Ile sehemu ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi. “Nilisaidia dukani” halina uzito. “Nilishika daftari la madeni ya wateja 40, na kila Jumamosi nilikuwa nikilinganisha daftari na fedha mkononi” lina uzito, kwa sababu aliyeuliza anaweza kulichoma bambo tena: ulilinganishaje, na fedha zilipopungua ulifanya nini?

Kwa hiyo maandalizi hayaanzii kwenye kukariri majibu. Yanaanzia nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari, kwa kalamu na daftari. Msailiwa aandike matukio matano au sita ya kweli: kazi aliyoifanya vizuri, kosa alilolifanya na kulirekebisha, ugomvi alioutatua, hasara aliyoizuia, jambo alilojifunza upesi. Mzazi au kaka aliyekuwapo anaweza kumkumbusha tarehe na idadi. Matukio hayo machache hutosha kujibu maswali mengi, maana jopo likibadilisha maneno, jambo linalotafutwa huwa ni lilelile.

Ghala limepungua kilo 300

Yapo maswali yanayopima ujuzi na uaminifu kwa pamoja. Kwa mtunza ghala, swali kubwa ni hili: “Ulipokea kilo 10,000 za mahindi. Baada ya miezi mitatu tumepima, tumekuta kilo 9,700. Kilo 300 ziko wapi?”

Msailiwa mwenye hofu huanza kujitetea: “Mimi siwezi kuiba.” Hakuna aliyesema ameiba. Swali linahitaji hesabu.

Tuseme mahindi hayo yaliingia yakiwa na unyevu wa asilimia 15. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuuza ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Katika kilo 10,000 zilizopokelewa, maji ni kilo 1,500 na mahindi yenyewe bila maji ni kilo 8,500. Mzigo ukikauka hadi asilimia 13.5, zile kilo 8,500 zinakuwa asilimia 86.5 ya uzito mpya. Ukigawa 8,500 kwa 0.865 unapata kilo 9,827 hivi. Maana yake kilo 173 zimepotea kwa kukauka, na hakuna mtu wa kulaumiwa.

Zinabaki kilo 127, zaidi ya gunia moja la kilo 100. Hizo haziwezi kusingiziwa jua. Hapo jibu la mtunza ghala mzuri ni kueleza hatua: kuhesabu magunia upya, kulinganisha leja na stakabadhi za kupokea na hati za kutoa mzigo, kukagua kama mzani umehakikiwa na Wakala wa Vipimo, kuangalia dalili za panya na wadudu, kisha kutoa taarifa kwa maandishi kabla ya kuulizwa. Msailiwa anayejibu hivyo ameonyesha kwamba anajua hasara ya kawaida inaishia wapi na hasara ya kutiliwa shaka inaanzia wapi. Aidha, ameonyesha kwamba angepima unyevu siku ya kupokea mzigo, kwani bila kipimo cha siku ile hesabu yote hii haiwezekani.

Swali linalofuata huwa gumu zaidi, hasa linapotoka kwa mkubwa mwenyewe: “Mimi mwenyekiti nikija jioni nikataka magunia matano bila hati, utanipa?” Ukijibu “Nitakupa kwa kuwa wewe ni kiongozi”, umekwisha. Ukijibu “Nitakupeleka polisi”, umemvunjia heshima mzee kwa jambo ambalo halijatokea. Jibu linalosimama ni la utaratibu: “Hapana, mwenyekiti. Nitakuomba tumtafute meneja atuandikie hati, kwa sababu mzigo ukitoka bila hati, upungufu utakuwa kwa jina langu na mkulima mwenye mahindi hatalipwa.” Heshima imebaki mahali pake, na ghala limebaki limefungwa.

Udhaifu, kosa na kazi iliyoachwa

“Udhaifu wako ni nini?” ni swali ambalo wengi hulijibu kwa kujisifu kwa mlango wa nyuma: “Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi.” Wasaili wameyasikia hayo mara nyingi. Ni afadhali kutaja udhaifu wa kweli usiobomoa kazi inayoombwa, pamoja na hatua iliyochukuliwa. Anayeomba utunzaji ghala anaweza kusema kwamba hana kasi kwenye kompyuta, na kwamba kwa miezi miwili amekuwa akijifunza kuandika leja kwenye programu ya hesabu. Asiseme kwamba husahau kuandika, maana kuandika ndiyo kazi yenyewe.

Aliyewahi kuajiriwa ataulizwa kwa nini aliacha. Hapa kanuni ni mbili. Ya kwanza, asimseme vibaya mwajiri wa zamani, hata kama alidhulumiwa. Anayemsikiliza atajiuliza atasemwaje yeye mwakani. Ya pili, asifiche kosa ambalo mdhamini atalitaja akipigiwa simu. Kama aliondolewa dukani kwa sababu fedha za mauzo zilipungua, aseme kwa ufupi: fedha zilipungua kiasi gani, kosa lake lilikuwa lipi, alilipa vipi, na tangu hapo anafunga hesabu kwa njia gani. Kosa lililoelezwa na mwenyewe hupungua ukubwa, lakini lile linaloelezwa na mtu mwingine huongezeka.

Na asilolijua aseme halijui. “Hilo sijalifanya. Ningemwuliza ofisa ushirika wa wilaya au ningesoma mwongozo kabla ya kugusa mzigo” ni jibu kamili. Kubahatisha kipimo cha dawa ya nafaka mbele ya jopo ni kujifukuza kazi kabla ya kuajiriwa, kwa kuwa kosa hilo ghalani linaweza kuua mtu.

Unataka mshahara kiasi gani?

Swali hili huwatia aibu hata mahodari wa kupatana bei sokoni. Jibu la “chochote mtakachonipa” humfanya msailiwa aonekane hajui thamani ya kazi, na tarakimu iliyookotwa hewani nayo haisaidii. Kabla ya kwenda, aulize wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani, na ajue kima cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara kwa sekta husika. Kisha ataje kiwango cha chini na cha juu, na sababu.

Jambo jingine ni kutofautisha mshahara ghafi na fedha zinazofika mkononi. Kwa mfano, mshahara ghafi ni Sh400,000 kwa mwezi. Mchango wa mfanyakazi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ukiwa asilimia 10, unakatwa Sh40,000. Inabaki Sh360,000. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, Sh270,000 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato, na Sh90,000 zinazobaki hutozwa asilimia 8, yaani Sh7,200. Mkononi zinafika Sh352,800. Toa pango la chumba na chakula cha mwezi katika mji wa kazi, ndipo utajua kama kazi hiyo inalipa au itabidi mahindi ya nyumbani yaendelee kuigharimia.

Maswali yasiyohusu kazi

Wapo wasaili wanaouliza: “Umeolewa? Una mimba? Unasali wapi? Wewe ni kabila gani?” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu au hali ya VVU na Ukimwi. Katika suala hilo, sheria inamhesabu mwombaji kazi sawa na mwajiriwa. Mgogoro wa namna hiyo huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Ndani ya chumba cha usaili, jibu la busara ni kulirudisha swali kwenye kazi bila ukali: “Kama mnauliza kuhusu muda, ninaweza kufika saa moja asubuhi siku zote za msimu, na ninakaa karibu na ghala.” Aliyekuwa na wasiwasi wa haki amejibiwa, na aliyekuwa na nia nyingine amekosa pa kushika.

Kwa upande wa anayeajiri

Wakulima na wafanyabiashara wadogo nao huketi upande wa pili wa meza, iwe kwenye bodi ya chama au dukani wanapotafuta msaidizi. Bambo lisilochomwa sawa hutoa sampuli ya uongo. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na majibu yaandikwe alama palepale kabla ya mjadala, ili mtoto wa jirani asipite kwa jina la baba yake. Inafaa pia kumpa kila mmoja kazi ndogo ya dakika 15: apime magunia matatu, aandike stakabadhi, atafute kosa katika ukurasa mmoja wa leja. Jaribio hilo halina gharama, wakati mtunza ghala asiyefaa anaweza kula jasho la msimu mzima la wanachama wote.

Tumrudie yule binti. Kama angekuwa ameandika daftari lake kabla mbuzi hawajauzwa, mwenyekiti alipouliza uzoefu angejibu hivi: “Sijawahi kuajiriwa, mzee, lakini mzani nimeushika tangu utoto. Mwaka ule dumuzi walipotuingilia tulikuwa na magunia 30. Nilichambua, nikatenga manne yaliyoharibika, nikatia dawa 26. Tulipouza Januari, yote 26 yalipita kwa mnunuzi.”

Baada ya hapo huenda mwenyekiti angemwuliza ni dawa gani alitumia na kwa kipimo gani, naye angekuwa na la kusema, kwa sababu aliichanganya mwenyewe.