Mji wa Watu Wengi

Likasi ni mji wa Katanga, kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mpaka mwaka 1966 uliitwa Jadotville.

Mji huu ulizaliwa na shaba. Kazi ya kuchimba na kuyeyusha shaba ilitaka mikono mingi. Kwa hiyo watu wa makabila mengi walikuja kukaa pamoja na wenyeji. Mwaka 1928 reli ya Katanga ilifika Ilebo, na wengi wa Kasai walikuja kwa treni. Kila mtu alikuwa na lugha ya nyumbani kwake. Lakini kazini na sokoni walisema Kiswahili, wakasikilizana. Watoto wao walikaa benchi moja shuleni.

Miaka ya 1992 na 1993 mambo yaliharibika. Wakubwa wa siasa walisema kwamba watu wa Kasai ni wageni, warudi kwao. Watu wengi sana walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala stesheni siku nyingi, wakingoja treni. Wengine walikufa kwa magonjwa. Wengi walizaliwa Katanga; Kasai hawakuijua. Mji nao ulipata hasara, maana mafundi na walimu walikwenda.

Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chakula kinamwagika. Ndivyo ulivyo mji wa watu wengi.

Maulizo
1. Kwa nini watu walikuja Likasi?
2. Lugha gani iliwaunganisha?
3. Mgeni akifika darasani kwenu, mtamfanyia nini?