Kamera ya Rangi kwa Darubini Ndefu katika Bonde la Kilombero

Mtu akaaye Ifakara na kutamani kupiga picha za sayari na nyota kwa darubini ndefu hukabiliwa na jambo ambalo muuza kamera, awe Dar es Salaam au ng'ambo, aghalabu hamwelezi: ya kuwa kamera ya falaki haichaguliwi kwa wingi wa pikseli zake, ambao ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha, bali kwa upana wa pikseli moja moja, kwa masafa ya darubini itakayofungwa, na kwa hali ya hewa iliyotanda juu ya kichwa cha mpigaji.

Darubini huitwa ndefu kwa ajili ya masafa yake ya fokasi, kipimo kiamuacho taswira ya kitu cha mbinguni itakuwa kubwa kiasi gani ndani ya kamera, wala si kwa ajili ya bomba lake; kwani ile ya Celestron ya inchi 8, iliyo mashuhuri mno miongoni mwa wapenzi wa falaki, bomba lake halifiki nusu mita, ilhali masafa yake ya fokasi ni milimita 2,032. Hesabu ya kuilinganisha na kamera ni nyepesi. Chukua upana wa pikseli kwa mikromita, ambazo elfu moja hufanya milimita, uzidishe kwa 206, kisha ugawanye kwa masafa ya fokasi. Jawabu lake ni kipande cha anga kiangukiacho pikseli moja, kwa sekunde za pembe, ambazo 3,600 hutimiza digrii. Pikseli ya mikromita 2.9 hupata sekunde 0.29, na ya mikromita 3.76 hupata 0.38. Kwa kuwa kioo cha inchi 8 hakiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita sekunde 0.57 hivi, hata hewa ikiwa tulivu kabisa, ni dhahiri kwamba kamera zote mbili zinaona udogo kuliko uwezo wa kioo chenyewe, na anayelipa zaidi ili apate pikseli nyembamba kuliko hizo kwa darubini hii anatupa fedha zake.

Sasa hewa. Ifakara iko chini ya mita 300 juu ya bahari, na upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake hupita mita 2,500 na ambayo huvuta mawingu na kuyashikilia. Kuanzia Machi hadi Mei bonde hujaa maji, na darubini haina kazi. Juni hadi Oktoba anga hukunjuka, lakini ndiyo majira ya moshi, wa nyasi zinazochomwa na wa mashamba ya miwa ya Kidatu. Moshi na unyevu hufifisha vitu hafifu, yaani galaksi na mawingu ya gesi, lakini Mushtarii na Zohali, kwa mwangaza wao, hupenya bila ya taabu. Fauka ya hayo, kwa kuwa mji uko digrii 8 tu kusini mwa ikweta, sayari ifikapo kileleni haishuki chini ya digrii 55 au zaidi kidogo juu ya upeo, na mwanga wake hupita katika hewa kidogo kuliko unavyopita kwa mtazamaji wa London, ambaye katika miaka mingine huzitafuta sayari hizo hizo juu kidogo tu ya mapaa.

Asiyesadiki kwamba nchi ya joto na unyevu yaweza kufaa na aangalie Cebu, Ufilipino, mji ulio digrii 10 kaskazini mwa ikweta: kutoka huko, mwaka 2006, Christopher Go, mpenzi wa falaki tu, ndiye aliyetangulia kuona kuwa dhoruba moja ya Mushtarii iliyokuwa nyeupe imegeuka nyekundu. Kwa hiyo rai yangu ni hii, na najua wapo watakaoipinga: mkaazi wa bonde hili aanze na sayari, na kamera yake ya kwanza iwe ya rangi, ndogo, ya kasi, isiyo na kipoozeo, kama zile zenye sensa ya Sony IMX585 ya mikromita 2.9.

Kwa nini ya rangi, na wataalamu wengi husifu ile ya nyeusi na nyeupe? Sensa ya rangi, kwa mpango aliouandikisha Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976, imefunikwa kwa vichujio vidogo, na katika kila pikseli nne mbili ni za kijani, moja nyekundu na moja buluu. Rangi zinazokosekana hukisiwa na programu, na katika kukisia huko ukali wa picha hupungua kidogo. Lakini mwenye kamera isiyo ya rangi sharti apige mara tatu, kila mara kwa kichujio chake, ilhali Mushtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10, na wingu la Udzungwa halimngoji mtu abadili kichujio. Upungufu wa ukali huzibwa, bila ya kununua pikseli nyembamba zaidi, kwa lenzi ya Barlow inayoongeza masafa ya fokasi mara moja na nusu. Mushtarii, ambaye bila ya lenzi hiyo huchukua pikseli 150 hivi kwa upana, hukatiwa fremu ndogo ili kamera ikimbie. Kwa dakika mbili au tatu hupigwa picha maelfu, na programu kama AutoStakkert huzipepeta kama mpunga katika ungo, zile zilizotikiswa na hewa zikaenda na makapi.

Kazi hii haihitaji jicho kukaa kwenye darubini, nayo ni neema katika mji ambao Taasisi yake ya Afya, iliyoanza kama maabara ya Waswisi katika miaka ya 1950, imepata sifa duniani kwa kuchunguza mbu. Waya ukiwa mrefu wa kutosha, mpigaji na kompyuta yake waweza kukaa ndani ya chandarua.

Atakayetaka galaksi hatimaye, na akavuka daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 kuufuata weusi wa usiku upande wa Lupiro, atahitaji kamera nyingine. Usiku wa joto hujaza chenga picha zipigwazo kwa muda mrefu, basi sharti iwe na kipoozeo, kiwezacho kuishusha sensa kama digrii 35 chini ya joto la hewa. Pikseli za mikromita 3.76 humfaa, zikiunganishwa nne nne kuwa moja ya sekunde 0.76. Sensa ya IMX533, yenye milimita 11.3 kila upande, humwonyesha dakika 19 za pembe za anga tu, zinazoitosha galaksi ya Sombrero lakini zisizolikusanya lote kundi la nyota la Omega Centauri; IMX571 huonyesha dakika 40 kwa 27, kwa bei kubwa zaidi. Kipoozeo hula hadi ampea 3 za volti 12, kwa hiyo betri ya sola inunuliwe pamoja na kamera, na chembe za silika zinyonyazo unyevu ndani ya kamera zikaushwe kila mara, maana sensa ya baridi katika hewa ya Kilombero hushika umande kabla ya majani. Ile kamera ndogo ya sayari hutosheka na umeme wa kompyuta inayoiendesha.