Wazee Wanaoishi Peke Yao: Ukisema Utarudi, Rudi

Leo asubuhi ulipokwenda kuchota maji ulipita milango mingi. Je, kuna nyumba uliyopita ambayo moshi wa jiko hauonekani mpaka saa sita? Kuna nyumba ambayo watoto wako wakiikaribia wanakimbia? Huenda humo ndani mna mzee anayeishi peke yake, na wewe ni jirani yake wa tatu tu.

Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Nakivale. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza habari za chandarua, choo, chanjo za watoto na wajawazito. Leo nataka tuzungumze juu ya wazee, na juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanatusimulia kwa simu kwamba kule kuna nyumba kubwa za kutunzia wazee. Baadhi yao wamepata kazi humo humo, ya kuwaosha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Sisi tukisikia tunatikisa kichwa na kusema Wazungu wanawatupa wazazi wao. Tusiseme haraka. Hapa kwetu nyumba kama hizo hakuna, lakini wazee wasio na mtu wapo. Kuna aliyezika watoto wake Masisi au Fizi. Kuna ambaye watoto wake wamesafiri kwenda ng'ambo na jina lake halikuwa kwenye karatasi. Kuna aliyetengana na wenzake njiani usiku wa kukimbia, na mpaka leo hajui kama wako hai. Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo kuna pia waliokuja wakiwa na nguvu za kulima, na uzee ukawakuta hapa.

Mzee wa nyumba zile za Marekani anaweza kukosa mtu wa kuzungumza naye, lakini sahani yake italetwa. Wetu anaweza kukosa vyote viwili.

KITI CHA JIRANI

Koko mmoja nilimtembelea mara ya kwanza nikiwa na fomu yangu mkononi. Nilisimama mlangoni. Una chandarua? Ndiyo. Unakilalia? Ndiyo. Choo? Kiko kule. Unaumwa? Hapana, mtoto wangu. Niliandika yote nikamaliza kwa dakika tano. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza, "Utarudi siku gani?" Nikajibu, "Alhamisi," kama mtu anavyosema "tutaonana".

Alhamisi ile mvua ilinyesha. Alhamisi iliyofuata tulikuwa na mafunzo. Nilirudi baada ya wiki tatu, na nilirudi kwa sababu nyumba yake ilikuwa njiani. Akanikaribisha vizuri, hakukasirika. Akaniambia tu, "Keti hapo kwenye mkeka. Kiti nilikirudisha."

Sikuelewa. Jirani yake ndiye aliyenieleza baadaye. Siku ya Alhamisi ile ya kwanza koko alikwenda kuazima kiti kwa jirani ili mgeni wake apate pa kukaa, akachemsha maji ya chai kwa kuni alizozihesabu, akakaa mlangoni mpaka giza. Kesho yake akakirudisha kiti.

Nilikaa kwenye mkeka. Kwa aibu sikuwa na haraka tena, na kwa sababu sikuwa na haraka niliona kitu ambacho fomu yangu haikukiona. Pembeni kulikuwa na kopo, ndani yake vidonge vimechanganyika, vyeupe na vya rangi. Nikauliza ni vya nini. Akasema ni vya presha, alipewa kituoni, na huwa anameza kimoja kichwa kinapouma sana.

Ndugu msomaji, hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua katika nyumba yako au ya jirani kuna kopo kama hilo. Presha haina maumivu. Watu wengi wenye presha kubwa hawasikii kitu chochote mpaka siku mshipa unapasuka au unaziba kichwani, na mtu anaamka upande mmoja umekufa. Kichwa kisipouma si dalili kwamba presha imeshuka. Dawa yake humezwa kila siku, saa ile ile, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima, na zikikaribia kwisha anarudi kituoni na daftari lake la matibabu. Akimeza leo na kuacha wiki nzima, ni sawa na hajatibiwa.

Nikamwuliza kwa nini hakurudi kuchukua nyingine na kupimwa. Alinyamaza sana. Halafu akasema mstari wa kituoni ni mrefu na yeye hawezi kukaa muda mrefu bila kwenda haja ndogo, na choo kiko mbali na benchi, na akitoka atapoteza nafasi. Basi aliacha kwenda. Na ili asiamke usiku kwenda chooni gizani, aliacha pia kunywa maji kuanzia mchana.

Tulikwenda kituoni pamoja siku iliyofuata. Mimi nilimshikia nafasi kwenye mstari, hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Presha yake ilikuwa juu mno, na mganga hakumruhusu kurudi nyumbani mpaka jioni.

MAJI, KAMBA NA MCHEZO WA MASHIMO

Mwili wa mzee hausikii kiu kama wako. Anaweza kukauka bila kujua, na ndipo hupata kizunguzungu, choo kigumu, na kuanguka. Mfupa wa mzee ukivunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza faida ya kumtembelea mzee ni nini, mwambie kwanza ni kikombe cha maji mnachokunywa pamoja. Mkiwa wawili atakunywa. Akiwa peke yake atasahau au atakataa.

Kwa yule koko vijana wawili wa kijiji walifunga kamba kutoka nguzo ya mlango wake mpaka chooni, ili usiku aishike kwa mkono akitembea. Walisawazisha pia mashimo ya njia kwa jembe. Kazi ya nusu saa. Jirani akampa ndoo ya zamani yenye mfuniko ya kutumia usiku wa mvua. Akaanza kunywa maji tena.

Lakini usifikiri kumtembelea mzee ni dawa na maji peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Mtu asiye na wa kuzungumza naye huwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na kupoteza kumbukumbu. Nilipoisoma hesabu hiyo nilikumbuka kile kiti.

Wengi hawaendi kwa sababu wanasema hawana cha kupeleka. Ni kweli, mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020, na nyumba nyingi hazina cha ziada. Nenda mikono mitupu. Mwombe mzee kitu badala ya kumpa. Mwombe akufundishe kusuka mkeka, akuambie jinsi walivyokuwa wakihifadhi mbegu za maharage zisiliwe na wadudu, akutajie majina ya ukoo wako kama anayajua. Mtu anayeombwa anajisikia kuwa bado ni mtu.

Kuna mzee mmoja ambaye kwa miezi alikuwa hasemi na mtu. Kijana mmoja akachimba mashimo kwenye udongo mbele ya nyumba yake, safu nne, kila safu mashimo manane, akaleta mbegu 64. Ni ule mchezo ambao Wanyarwanda wanauita igisoro na Waganda omweso. Kijana alidhani anamfurahisha mzee. Mzee alimshinda mara tano mfululizo, kisha akamwambia aende akalete mtu anayejua kucheza. Siku hizi jioni huwezi kupita hapo kwa wingi wa watu.

Kuhusu habari za vita, usimchimbue. Usimwulize watoto wake walikufaje. Akianza mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, na akilia usimwambie "sahau". Kaa hapo. Kama anaomba Mungu kwa njia yake, msubiri amalize, na usimgeuze kwenye yako.

Jambo jingine ni picha. Kuna kikundi kilikuja siku moja kwa wazee wa kijiji chetu na sabuni, kikaimba, kikapiga picha nyingi, na hakikuonekana tena. Sabuni ilikuwa nzuri. Lakini koko mmoja aliniuliza uso wake ulipelekwa wapi, na sikuwa na jibu. Hata tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, sisi vijana tunapenda hotuba na soda. Halafu miezi kumi na moja kimya.

Nakumbuka pia wakati wa Korona, mwaka 2020, tangazo lilipita likisema wazee wasikaribiwe. Ilikuwa sawa kwa wakati ule. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepita tena kuwaambia kwamba sasa watu wanaweza kuja. Ukiwa na mafua au kikohozi usiende mpaka upone, na nawa mikono kwa sabuni ukifika. Ukiwa mzima, nenda.

MACHO MEKUNDU

Hili ni gumu lakini nitalisema. Kuna makoko ambao watoto wanawakimbia, na wengine wanawarushia mawe, kwa sababu watu wazima wamesema ndani ya nyumba kwamba ni wachawi. Ushahidi wao ni macho mekundu, kuongea peke yake, au kuishi miaka mingi wakati wenzake wamekufa.

Macho mekundu huletwa na moshi wa kuni wa miaka sitini, au na ugonjwa wa macho unaotibika. Wingu jeupe ndani ya jicho ni mtoto wa jicho, na huondolewa kwa upasuaji. Kuongea peke yake kunaweza kuwa ugonjwa wa kusahau unaokuja na uzee, au ni mtu tu asiye na wa kuongea naye. Mama, baba, mtoto wako anajifunza kutoka kwako. Mchukue kwa mkono, mwingie kwa koko, msalimie pamoja. Na ukisikia watu wanapanga kumdhuru mzee kwa maneno hayo, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

ANGALIA HAYA UKIWA HUMO

Wewe si mganga, na hakuna anayekutaka uwe mganga. Lakini wewe unayekwenda kila wiki utaona kabla yetu. Ukikuta uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, hicho ni kiharusi. Usimpe maji wala kidonge, maana anaweza kupaliwa. Tafuta pikipiki au ita VHT, afike kituoni upesi, kila saa ina maana.

Mzee anaweza kuwa na malaria au homa ya mapafu bila mwili kuwa na joto. Utaona tu kwamba jana alikujua na leo hakujui, au amekataa kula, au amelala mchana kutwa. Watu husema ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja. Mpeleke.

Kama hawezi kuamka, tazama mgongo chini, visigino na nyonga. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi kuliko kawaida, kidonda kinaanza. Anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na hiyo si kazi ya jirani mmoja, gawaneni zamu.

Neno la mwisho juu ya mali yake: kadi yake ya mgao na pesa zake usivishike, hata akikuomba kwa upendo. Wazee wengine wameibiwa na watu waliokuja kwa maneno matamu, ndiyo maana mlango unafunguliwa polepole. Akihitaji mtu wa kumchukulia mgao, mwende pamoja kwa viongozi waandike jina la mtu huyo.

Ukitaka kuanza, mwone VHT wa kijiji chako. Atakuonyesha mlango ulio karibu nawe, na atakwenda nawe mara ya kwanza ili mzee asiogope. Chagua siku unayoiweza kweli. Kama ni mara moja kwa wiki mbili, mwambie wiki mbili, na ukishindwa tuma mtoto na ujumbe.

Mimi Alhamisi saa kumi nisitafutwe. Koko sasa ana kiti chake mwenyewe, fundi mmoja alimtengenezea kwa mabaki ya mbao, na ananikataza kukaa chini.