‘Kuna’ kwa Kiholanzi: neno dogo ‘er’ na vitenzi vinavyomtatiza mgeni

Anayepiga simu ya dharura 112 nchini Ubelgiji au Uholanzi hutakiwa kueleza mapema mambo mawili: yuko wapi, na kuna nini hapo alipo. Akisema “Er ligt een man op straat”, amearifu kwamba kuna mwanamume aliyelala barabarani. Akisema “Er zit een man op straat”, mwanamume huyo ameketi. Tofauti ni kitenzi kimoja tu, lakini aliye upande wa pili wa simu hupata picha mbili zisizofanana za mtu anayehitaji msaada.

Kwa Mrundi aliyekulia Yoba mjini Gitega, au katika familia ya Waswahili wa Muyinga, Kiholanzi mara nyingi huwa lugha ya nne, baada ya Kiswahili cha nyumbani, Kirundi cha majirani na Kifaransa cha shule. Wabelgiji waliingia Burundi mwaka 1916 na wakatawala hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Ingawa miongoni mwa wamisionari na watumishi wao walikuwamo watu wa Flanders, lugha waliyoiacha maofisini na madarasani ni Kifaransa. Kwa hiyo anayehamia Antwerpen au Gent huanza upya. Nchini Uholanzi, sheria ya kuwajumuisha wahamiaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 imepandisha kiwango cha lugha kinacholengwa kutoka A2 hadi B1.

Sentensi za kuwapo kwa kitu hufundishwa katika wiki za mwanzo, na wengi waliosoma Kifaransa huelekezwa kwenye “il y a”. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ni njia ya kuzunguka. “Il y a” imejengwa juu ya kitenzi cha kumiliki. “Kuna” yetu nayo ni “ku” ya mahali pamoja na “na” ile ile ya “nina” na “tuna”. Lugha hizi mbili humshawishi mwanafunzi atafute kitenzi “hebben”, yaani kuwa na kitu, na hapo Kiholanzi hakimkubalii.

Msaada upo karibu zaidi, katika Kirundi. “Hari abantu” ni “ha” ya mahali pamoja na “ri”, kitenzi cha kuwa. Kiholanzi hufanya vivyo hivyo: “er” hushika nafasi ya mahali, “is” au “zijn” hushika nafasi ya kuwa. “Er is een dokter”, kuna daktari. “Er zijn mensen”, kuna watu. Jambo geni ni moja tu: “kuna”, “hari” na “il y a” hazijali idadi, bali Kiholanzi hujali. Viti viwili huhitaji “zijn”, na kwa wakati uliopita “er was” ya umoja hugeuka “er waren” katika wingi. Kukanusha hakuna ugumu: “Er is geen brood”, hakuna mkate.

Lini “er” itumike? Mswahili anajua jibu pasipo kufundishwa. Tunasema “kuna daktari hospitalini” msikilizaji asipomjua daktari huyo, na “daktari yuko hospitalini” anapomjua. Kiholanzi hutenganisha hali hizo hizo: “Er is een dokter in het ziekenhuis”, lakini “De dokter is in het ziekenhuis”. Na mahali pakiwa pamekwisha kutajwa au panaeleweka, “er” hurudi ikifanya kazi ya “po” yetu: “Is de dokter er?”, daktari yupo? “Nee, hij is er niet”, hayupo.

Ugumu hasa unaanzia kwenye mkao wa vitu. Mholanzi haridhiki kusema kwamba chupa ipo mezani. Husema imesimama: “De fles staat op de tafel.” Kinachotua juu ya kitako au miguu yake husimama, zikiwamo sahani, viatu, gari na nyumba. Kitabu kilichowekwa bapa, karatasi na mpira hulala, “liggen”. Koti ukutani huning’inia, “hangen”. Miji nayo hulala: “Gitega ligt in het midden van Burundi.” Maandishi, kwa ajabu, husimama: “Er staat een fout in de brief” maana yake kuna kosa katika barua. Haya mengine hayana hoja ya kuyatetea, huzoewa tu.

“Zitten”, kuketi, ndicho kinachowashangaza wengi, kwa kuwa funguo huketi mfukoni na sukari huketi ndani ya chai. Lakini hapa mwenye Kiswahili ana faida ambayo Mfaransa hana. Kitu kikiwa ndani ya kingine, sisi pia hubadili neno: “funguo zimo mfukoni”, “mna sukari katika chai”. Mrundi naye huongeza “mwo”: “harimwo”. Mara nyingi panapotujia “mo” au “mna” kwa kitu kilichofungiwa ndani, “zitten” itafaa: “De sleutels zitten in mijn zak”, “Er zit suiker in de thee.”

Kwa watu, kitenzi hubeba habari zaidi. “Mijn broer ligt in het ziekenhuis” husema kwamba ndugu yangu amelazwa. Ukiweka “is” badala ya “ligt”, msikilizaji hatajua kama amekwenda kutibiwa, kufanya kazi au kumtazama mgonjwa. Mbele ya mwajiri anayeombwa ruhusa, hilo si jambo dogo.

Sentensi ikianza na mahali, “er” huweza kudondoshwa: “In de tuin staat een boom”, bustanini mna mti. Wabelgiji huwa na mazoea zaidi ya kuibakiza, “In de tuin staat er een boom”, kuliko Waholanzi, kwa hiyo anayehama kutoka Gent kwenda Rotterdam asishangae kusikia tofauti. Na basi au treni inapofika mwisho wa safari, pande zote mbili za mpaka husema maneno matatu yale yale, “We zijn er”: tumefika.