Wema Ulianza Wapi?

Wajukuu zangu wa Mutanga Sud, sogeeni. Mmoja wenu ameniuliza: "Babu, watu wa kale hawakuwa na Biblia wala Kurani. Nani aliwafundisha kwamba kuiba ni vibaya?" Swali hilo lina uzito.

Lifuateni ziwa letu Tanganyika kuelekea kusini. Mtafika Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka 1987 maradhi ya mapafu yaliua sokwe kadhaa, na Mel, mtoto wa miaka mitatu na ushei, akabaki yatima. Spindle, dume kijana asiye ndugu yake, akawa anambeba mgongoni, anamgawia chakula, na usiku anampokea kiotani mwake. Hakuna aliyemhubiria. Lakini sokwe wa Gombe hao hao walikuwa wamegawanyika makundi mawili, na kati ya 1974 na 1978 wakauana. Huruma na ukatili vyote viliota mapema, kama mahindi na magugu katika shamba moja. Shamba hilo lilihitaji wa kulipalilia.

Kwetu Burundi kazi hiyo waliifanya bashingantahe. Majirani wakigombania mpaka, wazee hao waliketi, wakasikiliza pande zote mbili, kisha wakaamua, fimbo ya intahe ikigonga ardhi. Ili awe mmoja wao, mtu alichunguzwa mwenendo wake kwa muda mrefu kabla ya kula kiapo mbele ya watu wote kwamba atasema kweli. Hayo yalikuwapo kabla wamisionari hawajafika Rumonge mwaka 1879, na jina la Imana, Mungu, lilikuwa tayari midomoni mwa watu.

Je, dini ina kazi gani basi? Sikilizeni habari ya seminari ya Buta, Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa. Walikuwa wamefundishwa kuishi kama ndugu, na imani ikawapa ujasiri wa kulishika fundisho hilo mbele ya kifo. Ila wengi walioua katika vita vile nao walikuwa wamebatizwa.

Mimi naamini Mungu ndiye aliyetia huruma mioyoni mwetu. Dini huipa nguvu pale mtu anapokubali kuitii. Kwa hiyo mkitoka kanisani au msikitini, msijipime kwa wingi wa sala. Jirani yenu ndiye shahidi.